Pikapu ya Shangazi: Kutoka Stelingi ya Pawa Kwenda ya Mkono

Kukata mkanda wa pampu, ile inayosukuma oili ya kukusaidia kuzungusha usukani kwenye gari la pawa, si kubadili stelingi. Gari nyingi kuukuu ninazokutana nazo hapa Tanga, ambazo wenyewe wanasema "hazina pawa", ukifungua boneti unakuta ni gari za pawa zilizochomolewa mkanda tu. Pampu ilianza kulia, au mpira wa oili ukatoboka, dereva akaona njia ya mkato ni kuutoa mkanda. Gari likaendelea kutembea, yeye akaendelea kuumwa mabega, na lawama zote akalitupia gari.

Pikapu ya shangazi yangu ilitufikia ikiwa katika hali hiyo. Ni Hilux ya dizeli ya miaka ya 1980, injini ya 2L, kabati moja, inasukumwa na tairi za nyuma. Shangazi anafanya biashara ya machungwa. Anayafuata Muheza na vijiji vya juu kuelekea Amani, anashusha mjini. Machungwa yakiadimika anageukia nazi za njia ya Pangani. Gari analiendesha mwenyewe, na umri wake ni wa mtu mwenye wajukuu. Siku aliporudi nalo mara ya kwanza kutoka sokoni hakusalimia mtu. Alikaa barazani, akanyoosha mikono juu ya mapaja, akaniambia, "Mwanangu, hili mmeninunulia gari au mmenitafutia adhabu?"

Wengi tuliowauliza walijibu haraka: rudisha pampu. Tungeirudisha kama kilichoharibika kingekuwa pampu peke yake. Lakini mpira wa presha ulikuwa umeoza, bomba la kurudishia oili limeliwa na kutu ya chumvi (gari lilikuwa limefanya kazi ya samaki), pampu yenyewe shafti inacheza, na boksi la stelingi, lile linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye tairi, linavuja juu na chini. Kwa hali hiyo ungenunua mfumo mzima, tena mtumba, usijue utadumu msimu mmoja au miwili. Fundi tuliyemtegemea ni mzee wa Ngamiani ambaye tangu utoto wangu namwita Ami, ingawa hatuna udugu wa damu. Yeye ndiye aliyesema kwamba modeli ile kiwandani ilitoka pia na stelingi ya mkono, kwa hiyo hatubuni kitu, tunairudisha kwenye umbo ambalo watengenezaji wenyewe walilikubali. Hoja hiyo ndiyo iliyonishawishi. Ingekuwa gari ambalo halikuwahi kutoka na boksi la mkono, ningekataa.

Sasa, kwa nini gari la pawa lililokatwa mkanda linakuwa gumu kuliko gari lililozaliwa bila pawa? Jibu limo ndani ya boksi. Boksi la mkono la pikapu za zamani ni rahisi kulielewa: shafti inayotoka kwenye usukani ina hesi, na juu ya hesi hiyo inapita nati kubwa inayotembea juu ya gololi. Nati ina meno ubavuni, meno yanasukuma shafti ya pili inayotokea chini ya boksi, na chini kuna mkono unaovuta fito za kugeuza tairi. Basi. Hakuna kingine humo zaidi ya beringi, sili na oili nzito ya gia.

Kwenye boksi la pawa, ile nati imegeuzwa kuwa pistoni. Oili ya presha inaisukuma upande mmoja au mwingine. Juu yake, pale usukani unapoingilia, kuna kifito chembamba cha chuma kinachokubali kujisokota kidogo. Ukikata kushoto kinajisokota, kinafungua njia ya oili ya kushoto. Pampu ikiwa haizunguki, vitu vyote hivyo vinabaki humo na vinakugeukia. Kwanza mkono wako unakisokota kile kifito mpaka kigote kwenye kizuizi chake, ndipo chuma kianze kusukuma chuma. Ndiyo maana usukani unakuwa na mchezo katikati, yaani unazunguka kidogo bila tairi kugeuka, hata kama kila kiungo cha mbele ni kipya. Pili, unaisukuma pistoni ndani ya oili, na oili inapaswa kupenya vijitundu vya valvu ihamie upande wa pili. Ni kama kubonyeza bomba la sindano lililojaa maji huku umeweka kidole kwenye tundu. Tatu, na hili ndilo watu hawalifikirii, hesabu ya meno ni nyingine. Boksi la pawa limekusudiwa kusaidiwa, kwa hiyo lina mizunguko michache. Uwiano wake, yaani usukani uzunguke kiasi gani ili mkono wa chini wa boksi uzunguke kimoja, kwa kawaida uko chini ya 20 kwa 1. Boksi la mkono mara nyingi huzidi 20 kwa 1: unazungusha zaidi, lakini kila mzunguko ni mwepesi. Ukikata mkanda umebaki na mizunguko michache ya gari la pawa, bila pawa.

Kuna wanaounganisha matundu mawili ya boksi kwa mpira mmoja, oili izunguke humohumo. Hiyo ni afadhali kuliko kuyaacha wazi, maana matundu yakiwa wazi boksi linatema oili, linavuta vumbi, sili zinakauka. Kuyaziba kwa bolti usithubutu kabisa: oili ikikosa pa kwenda, usukani unaweza kugoma katikati ya kona. Lakini hata huo mpira mmoja hauondoi mchezo wa kifito wala haubadili meno. Na nimewasikia vijana wanaofungua boksi, wanatoa sili ya pistoni na kukichomelea kile kifito kisijisokote. Ami alipotajiwa habari hiyo aliweka kikombe cha kahawa chini. "Bwana mdogo, kwenye stelingi hakuna kuchomelea. Chuma kile kimepikwa kwa kipimo chake. Ukikipitishia moto unakiondolea roho, na siku kitakapokatika hakitakupigia hodi."

Kabla ya kutafuta boksi alinifundisha kipimo ambacho sasa namwambia kila anayelalamikia stelingi ngumu, yenye pawa au isiyo na pawa. Inua mbele kwa jeki, weka magogo chini ya chasisi, tairi zote mbili ziwe hewani. Zungusha usukani. Kama ni mgumu vilevile, tatizo liko ndani ya mfumo: boksi, viungo, au shafti ya usukani. Kama ni mwepesi hewani na mgumu chini, lawama ni za tairi, upepo na pembe za mbele. Ukitaka kuchimba zaidi, ng'oa fito kwenye mkono wa boksi, sasa zungusha boksi peke yake, halafu shika tairi kwa mikono uzigeuze peke yake. Dakika chache tu unajua mkosaji.

Kwetu wakosaji walikuwa wengi. Kile kiungo cha upande wa pili wa boksi, kinachoshikilia fito ya katikati, kilikuwa kimekauka na kutu mpaka kinatoa mlio wa mlango. Boli jointi za chini, vile viungo vya mpira wa chuma ambavyo tairi hugeukia juu yake, hazikuwa zimeona grisi tangu enzi. Zilikuwa na tundu za nipeli za kupitishia grisi, nipeli zenyewe zimeng'olewa na matundu kuzibwa kwa bolti. Tukabadilisha kiungo kile, tukafunga boli jointi mpya na tairodi za nje (vichwa vya fito zinazovuta tairi), tukapiga grisi mpaka ikatokeza. Na hapo, kabla boksi la mkono halijafika, shangazi alilizungusha gari uwanjani akasema limepungua ukali. Nusu ya ugumu haikuwa ya pawa hata kidogo.

Boksi lilichukua muda. Tanga mjini tulipata mawili: moja lina mchezo katikati, la pili lilitoka kwenye gari la usukani wa kushoto. Hili la pili liliuzwa kwa maneno matamu sana, na kwa macho linafanana. Lakini boksi la gari la usukani wa kushoto hukaa upande mwingine wa chasisi na mkono wake unaelekea kwingine, na nchi jirani kama Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo spea kama hizo zinazunguka. Mwishowe tuliletewa moja kutoka Gerezani, Dar es Salaam, likapandishwa basi ndani ya gunia. Tulisisitiza vije vitu vitatu pamoja, na ndivyo ninavyomshauri mtu: boksi, mkono wake wa chini, na kipande cha shafti chenye krosi (kiungo kinachojikunja) kinachounganisha na usukani. Boksi la pawa na la mkono hupishana urefu, na mara nyingine meno ya shafti pia hupishana. Ukileta boksi peke yake, utajikuta unatafuta kiungio usiku na mchana, na hapo ndipo shetani wa kuchomelea anapomjia mtu.

Kulipima boksi mkononi si kazi kubwa. Lizungushe toka mwisho mpaka mwisho ukisikiliza. Gololi zikiwa nzima unahisi mtelezo mmoja, zikiwa zimechubuka unahisi mchanga. Katikati lazima likaze kidogo kuliko pembeni, limetengenezwa hivyo. Lisilokaza katikati limeshachoka. Angalia pia shafti ya chini pale sili inapokaa, kama kutu imeila, sili mpya itavuja wiki hiyohiyo.

Kulifunga kulikwenda vizuri kwa sababu Ami hana haraka. Mkono wa zamani aliung'oa kwa pula, kifaa cha kuvutia, sio kwa nyundo. Nyundo inapiga gololi na beringi zilizo ndani hata kama wewe unadhani unapiga nje. Boksi jipya alilijaza oili ya gia namba 90. Akalizungusha mpaka mwisho wa kushoto, akahesabu hadi mwisho wa kulia, akarudi nusu kamili, ndipo akaufunga mkono kwa alama zake huku tairi zimenyooka mbele. Ukilifunga nje ya katikati, gari litakata vizuri upande mmoja na upande mwingine litagota mapema, na ile sehemu iliyokaza ya katikati utaikuta kwenye kona badala ya kuikuta kwenye njia iliyonyooka. Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati, ya kuondolea mchezo. Mafundi wengi huikimbilia. Yeye aliigusa kidogo tu, boksi likiwa katikati, akaifunga. Ukiikaza ili kuficha mchezo wa tairodi zilizochoka, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na meno yatakwisha.

Pampu, bomba na kikopo cha oili vilitoka vyote. Kwenye injini yetu mkanda wa pampu ulikuwa wa peke yake, kwa hiyo hakukuwa na la zaidi. Mwenye injini ambayo mkanda mmoja unazungusha pampu ya stelingi pamoja na pampu ya maji au jenereta, ahakikishe amepata mkanda wa urefu mwingine unaopita vizuri kabla hajang'oa kitu. Na wenye Toyota za petroli za zama hizo: pampu nyingi zina kivalvu chenye vimipira viwili vya hewa vinavyopandisha sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) pale unapokata usukani gari likiwa limesimama. Ukiitoa pampu, viziwe vyote viwili. Ukiviacha wazi injini itavuta hewa ya wizi, itatetemeka, na utaanza kufungua kabureta isiyo na kosa.

Tairi nimeziweka mwisho lakini kwa kweli zingestahili kuwa za kwanza. Mwenye gari wa zamani alikuwa kijana wa kupenda mwonekano. Alilifunga rimu zinazotokeza nje ya bodi, tairi pana, na usukani mdogo wa mbio. Kwa gari la pawa unaweza kuvumilia. Kwa stelingi ya mkono kila kimoja ni mzigo. Tairi pana inasugua ardhi kubwa zaidi unapokata ukiwa umesimama, na rimu inayotokeza nje inaipa barabara mkono mrefu wa kukunyang'anya usukani kila unapokanyaga shimo. Tukarudi kwenye rimu za chuma za kawaida na tairi nyembamba za mzigo, 185 R14. Upepo wa mbele tukauongeza kidogo, kwa kufuata kiwango kilichoandikwa kwa ajili ya mzigo, bila kuvuka kile cha kwenye tairi. Usukani wa sentimeta 35 tukautoa, tukapata wa zamani wa sentimeta 40 hivi. Hesabu yake ni ndogo na ya kupendeza: nguvu inayotakiwa mkononi inapungua kwa thumuni, bure, bila kugusa chochote chini.

Baada ya hapo alaimenti. Tulimwomba fundi wa alaimenti asitazame tou-in peke yake (jinsi tairi za mbele zinavyoelekeana kwa mbele), apunguze na kasta. Kasta ni ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi inageukia. Ikiwa kubwa, gari linashika njia vizuri na usukani unarudi wenyewe, ila unakuwa mzito. Ndiyo maana magari ya pawa huwekewa zaidi, pampu inalipa gharama. Ikiwa ndogo, usukani ni mwepesi lakini gari linatangatanga kwenye lami. Alicheza na shimu (vibati vya kujazia nafasi) za mkono wa juu wa tairi, tukajaribu barabara ya kwenda Pongwe, tukarudi akaongeza kidogo. Kazi ya kuonja, kama mtu ana subira.

Mzigo nao unaingilia. Ukijaza machungwa nyuma kabisa ya ekseli, mkia unakaa, pua inanyanyuka, kasta inaongezeka na uzito wa mbele unapungua. Usukani utauhisi mwepesi kwa namna isiyopendeza, gari linaelea. Sasa matenga yanaanza kupangwa nyuma ya kabati, na shangazi anasimama pale Muheza kuhakikisha. Wapakiaji wamemzoea.

Kuendesha kulihitaji kujifunza upya, ingawa kwa shangazi haikuwa kujifunza bali kukumbuka. Alijifunzia udereva kwenye gari zisizo na pawa. Wazee wa malori ya Bedford hawakujua kingine. Pawa yenyewe si ya kale kihivyo: Mmarekani Francis Davis aliionyesha kwenye gari la Pierce-Arrow mwaka 1926, lakini mnunuzi wa gari la binafsi hakuipata mpaka Chrysler walipoiweka kwenye Imperial mwaka 1951. Shangazi hakati usukani gari likiwa limesimama. Analiacha lijongee hata inchi chache, ndipo anakata. Utingo wake mpya hakuelewa. Siku moja kwenye barabara za namba pale Ngamiani, kati ya bajaji, baiskeli na meza ya mitumba, alikuwa nyuma akipiga bodi, "Kata yote, mama! Kata yote!" Shangazi akachungulia dirishani: "Njoo ukate wewe, mimi nasubiri litembee."

Kitu cha pili ni vidole gumba. Kwenye njia ya vumbi, tairi ikigonga jiwe, pigo linarudi mpaka mkononi, maana hakuna oili ya kulimeza. Gumba likiwa limezungushiwa ndani ya usukani, linaweza kuteguka. Gumba likae juu ya ukingo. Kitu cha tatu, kona za kupanda Amani: ukiwa na mizunguko mingi lazima uanze kukata mapema, kabla pua haijafika kwenye kona, la sivyo mikono itakuwa bado inazungusha huku gari limeshafika ukingoni. Njia ile ndiyo pia iliyonifanya niipende stelingi hii. Gari la pawa likizimika kwenye mteremko, usukani unabadilika ghafla mkononi mwako. Hili uzito wake ni uleule, injini ikiwaka isiwake.

Faida ya mafuta sikuiona, na sitamdanganya mtu kwamba ipo ya kuhesabika. Kilichopotea ni wepesi wa kuegesha mjini, na huo umepotea kweli. Aliyeizoea gari ya kisasa akikaa humu atatoka jasho kabla hajatoka getini. Kukagua nako kumeongezeka: kila baada ya mizigo kadhaa nalala chini ya gari na spana, nakaza bolti zinazoshika boksi kwenye chasisi na kutazama nyufa pembeni yake, kwa sababu yale mapigo ya mawe yote yanaishia hapo. Mchirizi wa kutu ya kahawia ukitoka kwenye kichwa cha bolti, ujue bolti imeanza kucheza.

Jirani yetu wa Makorora alikuja na pikapu yake ya kabati mbili, tairi pana, anataka tumfanyie hivyohivyo kwa sababu mpira wa presha umepasuka. Ami alilala chini, akatoka akijifuta mikono, akamwuliza kama pampu inalia. Hailii. Boksi linavuja? Halivuji. "Basi peleka mpira ukabanwe vichwa vipya, bwana, uweke na oili safi. Gari lako zima, halina haja ya kutahiriwa." Jirani akacheka mpaka akashika mlango. Mpira ulibanwa siku hiyohiyo, na gari bado lina pawa yake.